Ulipokula Samaki Mbele ya Watu

Mpendwa mama mkwe,

Au tuseme Maitu, yaani mama, kama ulivyonifundisha kukuita kwa Kikuyu nilipoolewa huku kijijini Kwanza kutoka kwetu Sirisia. Nakuandikia hadharani kwa sababu uliyoyatenda uliyatenda hadharani, nami sioni haya kukusifu mbele za watu.

Unakumbuka kikaango changu? Mwanangu Kamau alikuwa bado ananyonya nilipopika samaki kwako mara ya kwanza. Ulikibeba kwa vidole viwili ukakiweka nje, karibu na kibanda cha kuku. "Mama Kamau, mimi sina ubaya na wewe," ukasema, "lakini hiyo ni nyoka ya maji. Kwetu hatukulangi." Nilinuna juma zima, kisha nikazoea kupikia samaki wangu huko nje.

Ndiyo maana nilishangaa ulipotupatia lile bonde lako la magimbi, nduma mnavyoyaita. Sisi akina mama wa kanisa tulitaka kuchimba bwawa la samaki, maana kila mwaka kati ya palizi na mavuno ghala lilikuwa tupu na watoto wakishindia uji mtupu. Ulitusikiliza, ukaguna, ukatoa sharti moja: samaki wasiponunuliwa, tufukie shimo na nduma zako zirudi. Tukakubali sote.

Tulichimba kwa majembe hadi viganja vikatoka malengelenge. Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, akatuletea vifaranga vya samaki, tukawalisha pumba na kutia maji samadi. Wewe ulipita kila asubuhi ukienda kukamua, ukijifanya hutazami. Lakini mimi nilikuona, Maitu, ukimrushia korongo mawe asiwale.

Siku ya kuvua ikafika. Tulivuta wavu, mabeseni yakajaa, tukapiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Kisha tukafika sokoni, na watu wote wakasimama mbali. Wengi walikuwa majirani zako wa asili ya Mkoa wa Kati, Wakikuyu kama wewe, waliokua wakiambiwa samaki si chakula.

"Ati hii ni ya kukula?" mmoja akauliza. "Si inaniangalia, bana!"

Jua likapanda, nzi wakaja. Nilikata tamaa. Niliona bwawa likifukiwa, na sisi tukirudi kwenye vibarua vya kupalilia mashamba ya watu huku watoto wetu wakilala njaa.

Ulichohitaji ni kunyamaza tu. Ulikuwa umeshatushinda. Badala yake ukajifunga leso kiunoni na kunigeukia.

"Leta kikaango. Si hicho chako. Changu, cha chapati."

Nilikimbia nyumbani kukichukua, nikakaanga samaki mmoja papo hapo sokoni. Ulikula umesimama, mbele ya wazee wa kanisa, ukitoa miiba mdomoni mmoja mmoja. Ulipomaliza ukapanua kinywa wakione ni kitupu. "Sasa mnaangalia nini? Nimekufa?"

Soko likaangua kicheko. Mama mmoja akanunua, akafuata jirani yake, kisha wakaanza kusukumana. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tunaosha mabeseni matupu. Tuliimba njia nzima, nami nililia kwa furaha bila kujali nani ananiona.

Tangu hapo kila siku ya soko ulikaa kwenye benchi letu ukala samaki mmoja, ukimsifu kwa sauti ya kuita wateja. Laiti ungeona sasa! Kuna mabwawa hadi Endebess. Vijana wanasuka nyavu, wasichana wanakaanga na kuuza Kitale, na hata mwezi wa sita, ule wa ghala tupu, watoto wanaenda shule wameshiba. Hata akina mama wa kwetu Sirisia, waliozaliwa wakila samaki, walikuja kufundishwa ufugaji na ninyi watu wa nyama choma. Tumeshinda, Maitu, nami nalitamka neno hilo bila kujivunga.

Juma lako la mwisho nilikuletea supu ya samaki kitandani. Ukanishika mkono.

"Mama Kamau, rudisha hiyo. Niletee viazi. Hii kitu sijawahi penda hata siku moja."

Nilicheka hadi nikaketi sakafuni, kisha nikalia. Miaka yote ile, kila siku ya soko!

Sasa wanaokula ni wengi. Pumzika, mama. Hakuna haja ule tena.

Akupendaye,
Mkaza mwanao