Matumbo ya Njano

Ijumaa, baada ya Isha

Sikuwalisha mimi. Asubuhi tulitoka mbio, hata kifuniko cha tangi la samaki sikugusa.

Kiini cha yai kinachafua maji. Bibi nilimwambia mara ngapi, lakini alichemsha yai lake vilevile, akakikamua kile kiini kwa pindo la kanga ndani ya tangi la vifaranga vya samaki wangu wa beta. "Mtoto hashindi na njaa, mjukuu wangu." Mimi nikawa nabadilisha maji huku nimenuna.

Tangu tumzike nawapa viluwiluwi vya mbu tu.

Leo nyumba nzima tulikwenda Miteja kwenye hitima yake. Mlango nilifunga mimi, na ufunguo ulishinda mfukoni mwangu. Tumerudi Kivinje wakati Magharibi inaadhiniwa.

Vifaranga wote walikuwa wamejipanga upande wa kioo unaoelekea kitanda cha Bibi. Matumbo yao yamejaa, ya njano. Na yule dume mgonjwa, niliyemtenga kwenye chupa yenye chumvi kidogo na jani la mkungu kama dawa, siku tatu hajagusa chakula. Leo alikuwa anadonoa chembe za njano juu ya maji.

Nikamuuliza Mama kama aliwaachia yai.

"Yai gani? Humu ndani hamna yai tangu msiba."

Kanga ya Bibi bado imetundikwa msumarini. Nimeshika pindo lake. Limelowa.

Mama sijamwambia. Maji nayo sijabadilisha. Nilitaka kusema shikamoo pale kitandani, nikaogopa kuitikiwa.