Mkrismasi wa Uani

Jumapili, 24 Novemba 2024

Wilbroad kaja kutoka Nzega, hata misa hakuingia. Kazunguka uani mikono nyuma kama mkaguzi. Anataka kujenga fremu za maduka. Ng'ambo yote ina fremu, anasema, sisi tu tumelala. Na mkrismasi utakatwa. Mti wenyewe uko kwenye maua, mwekundu wote, majani huyaoni! Nikamwambia, kaka, huu mti ni wa baba. Akasema baba mwenyewe angeshaukata zamani.

Sikuweza kumwambia lenyewe. Mwezi wa nane mke wangu Apolinaria alijifungua mtoto wa kike. Hakulia. Mtoto wa namna hiyo kwetu hawekewi msiba. Kinamama wanamfunga kanga, wanamzika wenyewe hapo nyumbani, mwanaume haonyeshwi wala haulizi. Nilichoona ni shangazi Levina akielekea mkrismasi, jembe mkononi. Basi. Hakuna aliyenipa pole. Kesho yake mteja akapiga simu kuulizia bango lake.

Mwanangu yuko chini ya mti ule. Na kaka yangu anataka kuupiga msumeno.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeanza kuuchora. Kama watanishinda, angalau Apolinaria abaki na picha. Yuko kwao Lusu tangu Septemba. Alikwenda kupumzika — na kupumzika hakuishi. Nikipiga simu: mzima, wewe je, haya.

Kipande kidogo cha hadibodi, kilibaki kwenye bango la kinyozi. Rangi ya mafuta ninayo. Miaka yote hii nachora vichwa vilivyonyolewa na kuku wa kuchoma, leo mti! Nimekaa juani juu ya ndoo. Nyekundu ya kwenye kopo ina makelele, nimeituliza kwa kahawia. Upepo ukaleta vumbi, sisimizi wawili wakanasa kwenye shina. Nimewaacha humo.

Jirani Zabibu kachungulia ukutani: fundi, hilo tangazo la nini? Nikamwambia la Krismasi. Akacheka, nami nikacheka. Halafu sikuona tena ninapochora, machozi yamejaa. Mtu mzima!

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Maua nusu yako chini. Sikuchora, sikufagia.

Jumamosi, 30 Novemba

Wilbroad karudi na fundi ujenzi, Abbasi, na msumeno garini. Nikaenda kusimama shinani. Haukatwi, nikasema. Akaniuliza mti una nini. Haukatwi! Sauti ilinitoka sijui wapi, mpaka Abbasi wa watu akatoka nje kusubiri barabarani. Sijawahi kumfokea kaka yangu. Yeye ndiye aliyenisomesha.

Nadhani alinihurumia, au aliniona nimechanganyikiwa. Akasema, haya, nionyeshe basi pa kujenga. Nikamwonyesha upande wa jiko, unaotazama kichochoro. Kule hakuna kitu, nikamwambia, nyasi tupu. Kichochoro nacho siku hizi kina wateja. Akakubali! Nilifurahi hadi nikamshikia Abbasi kamba alipokuwa anapima.

Jioni nikamalizia maua ya juu. Mkono mwepesi kabisa.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempigia Apolinaria. Habari za fremu sikumpa, nisimtie presha bure. Nimemwambia nimechora mkrismasi, na maua yake yote, kwa ajili yenu wawili. Nikadhani simu imekatika. Kumbe yupo, analia. Akasema anakuja Jumatano, anataka kuuona mwenyewe.

Anakuja! Nimefua mashuka.

Picha nimeigusa tena kidogo. Kulia palikuwa patupu, nikaweka kona ya jiko na nyasi.

Jumatano, 4 Desemba

Kafika saa sita na basi la Nzega. Kakonda. Abbasi na vijana wake walikuwa kichochoroni wanakula, kwa hiyo uani palikuwa kimya. Nikampeleka moja kwa moja chumbani, kwenye picha. Kasimama mbele yake, kitenge kimefunika mdomo. Mzuri, akasema. Umeuchora vizuri, Xavery.

Nikamwambia, nimechora alipolala.

Akanigeukia. Hakulala hapo, akasema. Walijaribu, jembe likawa linagonga mizizi tu, shangazi Levina akasema tusimtese mtoto. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye picha, kulia, kwenye nyasi za kona ya jiko. Rangi ilikuwa mbichi bado. Hapa, akasema.

Nje majembe yakaanza tena.

Wanachimba nini? akaniuliza. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Mtaro wa msingi umeshapita kona. Apolinaria anasema ni hapo, au hatua moja mbele, hana hakika, siku ile alikuwa ameshikiliwa huku na huku. Kanga ilikuwa ya njano. Abbasi anaapa kwa Mwenyezi Mungu hawajaona kitambaa. Lakini udongo wa jana waliumwaga barabarani kujazia mashimo, na magari yamepita juu yake kutwa nzima. Mimi nilionyesha mahali. Mimi nilishika kamba.

Kazi imesimama. Vijana wamekaa ukutani. Apolinaria kakaa ukingoni, miguu ndani ya mtaro, anachambua udongo kwa mikono. Nimempelekea maji, hakunywa. Nikachuchumaa karibu yake, tukachambua wote.

Wilbroad yuko njiani. Abbasi kampigia, kamwambia mdogo wako kasimamisha msingi. Nikamuuliza Apolinaria: akifika nimwambie nini? Jambo lenyewe halisemwi, jina hatukumpa.

Hakuinua uso. Mwambie kuna mtu hapa, akasema.

Nimeingia kunawa mikono nikakaa na daftari. Gari limesimama nje, namsikia anamuuliza Abbasi niko wapi.