Tuni Tatu za Mwisho Kwenye Orodha

Jumatatu, 6 Novemba 2017

Nimefika nyumbani saa kumi. Mvua. Ultan, fundi wa kurekodi, ameshatandaza nyaya zake kutoka jikoni hadi sebuleni. Malachy hakutoka kunipokea. Mdogo wangu huyo! Tunarekodi pamoja kwa mara ya kwanza, mimi fidla, yeye filimbi, na hata begi hakunisaidia kubeba.

Tulikubaliana: tuni za upande wetu huu wa Leitrim tu, na kila moja itajwe imetoka kwa nani. Orodha Malachy ameibandika kwenye friji. Kumi na moja ni za Baba, vidole vyangu vinazijua hata nikilala. Tatu za chini — sizijui. Ameandika: “Kutoka kwa Packie Joe Gilrane.”

Mimi ndiye niliyesoma fidla kwa Mzee Packie Joe. Miaka saba, kila Jumamosi. Hakuwahi kunipigia hata moja kati ya hizo.

Nikamuuliza Malachy. Eti Mzee alimfundisha mwaka jana. Nikasema baridi yabisi ilimkunja vidole zamani, alimfundisha kwa kutumia nini?

“Kwa mdomo, mwalimu. Watu wana midomo pia.”

Akacheka. Lakini hakunitazama.

Jumanne, 7 Novemba

Tumerekodi nne. Safi! Tukipiga tuni za Baba tunapumua pamoja, sijui ni kitu gani.

Wakati wa chai Malachy akatoka kwenda kwenye banda la mboji, ile mboji kavu tunayochoma jikoni, simu sikioni. Nilimwona dirishani. Haongei — anasikiliza. Midomo inacheza. Nikatoka, nikasingizia nafuata mboji ya jiko. Simu ikaingia mfukoni haraka.

“Nani huyo?”

“Hakuna mtu.”

Hakuna mtu! Dakika kumi anamsikiliza hakuna mtu.

Jumatano, 8 Novemba

Leo Malachy amepiga peke yake ya kwanza katika zile tatu. Nzuri, siwezi kusema uongo. Nywele zilinisimama. Lakini sehemu ya pili ina pigo moja limezidi. Mzee Packie Joe alikuwa akihesabu kwa buti sakafuni, asingeacha pigo linaning'inia hivyo.

Nadhani nimeshajua. Amezitunga mwenyewe. Ametunga, kisha amembandikia mzee wa miaka tisini na moja ambaye hawezi kubisha.

Jina langu litakuwa kwenye jalada la rekodi hii. Miaka ishirini nawaambia watoto darasani Dublin: sema umeipata wapi. Na watu wa huku wana masikio! Siku tukipiga ukumbini, mmoja atasimama tu nyuma na kuuliza.

Nilimchokonoa Ultan tukiosha vikombe. Yeye kazi yake ni kubonyeza vitufe, anasema, ya ndugu na ndugu hayamo kwenye mkataba.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimemwambia Malachy naenda kununua maziwa. Nami nimekuwa mwongo sasa.

Nimekwenda kwenye makao ya wazee. Packie Joe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, amepungua. Lakini alinijua. Sikumwuliza kitu. Nikaimba tu tuni ile taratibu, la-la-la, kama mjinga. Nilipofika sehemu ya pili akainua mkono.

“Rudia hapo.”

Nikarudia. Macho yakamjaa maji.

“Malachy anasema ni yako, Mzee.”

“Yangu? Weee! Hiyo ya Philomena.”

“Philomena yupi?”

“Wewe, binti wa Hughie, unaniuliza Philomena yupi? Mama yako! Alikuwa akiipiga kabla hajaolewa. Alimpita baba yako kwa mbali. Sote tulijua. Baba yako Hughie naye alijua.”

Mama. Na fidla. Mimi nilimwona na sinia tu — chai, mkate wa soda, wageni wa Baba wamejaa jikoni, yeye amesimama mlangoni.

Nimekaa ndani ya gari sijui muda gani. Maziwa nimesahau.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimembana Malachy bandani. Kwanza akabisha. Nikamtajia Packie Joe, akakaa juu ya rundo la mboji kama gunia.

Ni Mama. Majira yale ya baridi ya mwisho kabla hajafariki, alipokuwa hatoki kitandani. Malachy peke yake hapa naye, mimi Dublin. Mama alikuwa akimwimbia, yeye akirekodi kwenye simu. Alimkataza kumtaja jina. Ndiyo maana akaandika Packie Joe.

“Na mimi? Mimi ulikatazwa kuniambia?”

Akaanza kupanga vipande vya mboji.

“Malachy!”

“Alisema, usimwambie Dervla. Atanisahihisha.”

Nilicheka. Kwa nini nilicheka? Kisha nikakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi. Alichukua fidla yangu kabatini, akapiga kidogo akiwa amenipa mgongo. Nikasema, Mama, umezidisha pigo. Akairudisha. Akaniuliza kama nataka yai.

Malachy amenisikilizisha rekodi moja, simu mkononi mwake, kisha akaizima upesi. Lakini niliona. Tuni ni tatu — rekodi ziko tisa.

Jumamosi, 11 Novemba

Niko bafuni, nimefunga mlango, naandika nimekaa ukingoni mwa beseni. Wananisubiri.

Asubuhi nilisema: jina la Mama liandikwe, basi. Malachy akasema alimwahidi. Tumegombana mbele ya Ultan, aibu tupu. Mwishowe akasema sawa — litaandikwa, ila niipige ile ya kwanza pamoja naye, kama alivyoiimba Mama, pigo lake nisiliguse. Na leo, maana Ultan anaondoka saa tisa.

Nimejaribu mara tano. Kila tukifika pale mkono wangu unalinyoosha pigo wenyewe. Mara ya tano Malachy akashusha filimbi. Ndipo nikaja huku.

Sasa hivi amepitisha simu yake chini ya mlango. Haina hata namba ya siri.

“Zote zimo,” anasema. “Ila ya mwisho usiisikilize kabla hatujamaliza, Dada. Nakuomba.”

Kwa nini? Ananihurumia, au anaihurumia rekodi yake? Simwamini. Hata leo simwamini.

Nimefungua ya mwisho. Mama anakohoa. Anauliza, imeshawaka hiyo? Malachy anamjibu ndiyo. Kitanda kinalia. Kisha anataja jina langu —

Nimeisimamisha hapo. Iliyobaki, tukimaliza.

Ultan anaita kutoka jikoni, maiki ziko wazi, niko tayari? Malachy bado yuko nyuma ya mlango. Namsikia anavyopumua.