Filamu Niliyoimalizia Angani

Majengo, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Rozi, msomee mama polepole na usiruke mahali. Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi la Songea ilifika, au alijichua yeye? Kahawa mmeshaanza kuchuma? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenielemea, ndiyo maana naandika tena kabla hujajibu barua ya kwanza.

Kazi ya picha ipo. Tangu biashara ziachiwe huru, filamu za rangi hazisumbui kupatikana, na watu wanavaa mitumba ya maana wakija kupigwa. Nashinda pale sokoni nawaambia cheka, geuka, inua kidevu, halafu wanaondoka. Jioni naingia chumbani kwangu na sina hata wa kumwambia kwamba maji yamekatika. Huu ni mwaka wa pili, mama, na bado wananiita "mpiga picha". Hakuna anayeniita Kosmasi.

Mwezi uliopita ndege za jeshi zilikuja kufanya mazoezi ya sherehe. Siku tatu mfululizo zilipita tatu tatu juu ya mabati ya soko, chini kabisa, na mlio unakufikia zenyewe zimeshapita. Wauza mtama waliacha mizani wakatoka nje. Watu nisiowajua wakawa wananishika bega, umeiona ile ya katikati? Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtoto. Kwa zile dakika chache nilikuwa na wenzangu.

Siku ya tatu filamu yangu ilikuwa imebakiza picha tatu. Filamu ya rangi haisafishwi hapa, inakwenda Dar kwa basi, na siwezi kuipeleka mpaka iishe. Wateja walikuwa wananisumbua kila siku, picha zetu ziko wapi, na basi la siku hiyo lilikaribia kuondoka. Ndege zikatokea. Nikasema ngoja nimalizie huko huko juu, na mama nimtumie moja aone ninachokiona huku. Nikainua kamera, nikapiga zote tatu.

Hata sijaishusha, mtu mmoja aliyevaa kiraia akanishika mkono. Akaniuliza kama mimi ni mgeni wa nchi hii, sijui kwamba vitu vya jeshi havipigwi picha. Kusema kweli nilijua, mama. Furaha ilinisahaulisha. Akafungua kamera, akaivuta filamu yote nje juani, akanirudishia kamera na kuniambia nishukuru imeishia hapo. Nikashukuru.

Wateja niliwapiga picha upya, na matusi nikayavumilia. Akabaki mmoja, Mama Nyemo, Mgogo wa kule Makutupora anayefanya kibarua cha kuvuna zabibu. Alikuwa amemleta mwanawe wa kwanza, Nyemo, wa miezi mitatu, nikampiga kwenye filamu ile ile. Jumamosi aliporudi kuchukua picha alikuja mikono mitupu. Homa ilikuwa imemchukua mtoto kwa siku mbili tu. Akaniambia kwa upole kwamba sasa amebakiwa na hiyo picha.

Mama, nilimwambia bado iko Dar. Jumamosi iliyofuata nikamwambia vilevile. Mara ya tatu akaniletea zabibu kwenye kikapu kidogo, eti nami nionje, na hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, habari za ndege, filamu, na uongo wangu.

Hakulia. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja. Kisha akauliza, "Lakini wewe ulimwona, kwenye hicho kitundu cha kamera?"

Nikasema nilimwona.

"Alikuwaje?"

Nikajaribu kumkumbuka, nikamkosa. Siku ile nilipiga watu wengi mno. Nikamwambia alikuwa ananitazama, macho makubwa.

"Alikuwa amelala," akasema. "Nilikuomba tusubiri aamke, ukaniambia una haraka."

Akasimama, akaniaga vizuri tu, akaenda zake stendi. Kikapu aliniachia. Tangu siku ile naona aibu kushika kamera, lakini naishika, maana nitakula nini.

Nisalimie baba mdogo, na mwambie koti lake nalitafuta. Msalimie shemeji anayetusaidia shamba, na bibi mzaa baba, umpigie magoti kwa niaba yangu. Rozi, wewe asante kwa kusoma.

Mama, najua hupendi tumtaje Ana, mdogo wangu uliyemzika kabla hajapigwa picha hata moja. Ila Mama Nyemo yuko Makutupora, na siwezi kumwendea na uongo mwingine, na wa kumuuliza jambo hili nina wewe peke yako. Sura ya Ana, mpaka leo, bado unaiona?

Mwanao,
Kosmasi