Mipira ya Bei Kubwa Niliyoificha Kwenye Soksi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Jumamosi iliyopita nahodha wa klabu alisimama mbele ya ubao akasoma kwamba mimi nimezunguka mashimo kumi na nane kwa mikwaju sabini na tisa, na aibu ya kusomwa vile bado haijanitoka, kwa sababu nafasi ya mwalimu msaidizi wa gofu inamtaka mtu atakayemaliza raundi mbili kwa mikwaju mia moja hamsini na miwili au pungufu, maana yake raundi ya pili ni lazima nipige sabini na mitatu, na hiyo nimewahi kuipiga mara mbili tu maishani, zote siku ya Jumatatu, klabu inapofungwa na sisi wabeba mikoba tukaruhusiwa kucheza, na zote kwa mipira ya bwawani.

Mipira ya bwawani ni ile ambayo wanachama wameipoteza majini, na mwenzetu mmoja tunayemwita Bata huingia kila Jumapili jioni, maji yakimfika kifuani, akaitafuta kwa vidole vya miguu, kisha anatuuzia kila mmoja kwa bei ya kikombe cha chai, mingine imepauka, mingine migumu kama kokoto, na mimi nimeichezea miaka kumi na mmoja bila kujua kwamba kuna mpira wa namna nyingine duniani.

Sasa mwanachama ninayembebea mkoba, mama mmoja daktari wa upasuaji, siku moja alitoa mpira mpya mfukoni akaniambia niupige huo mmoja halafu nimwambie, tulikuwa kama hatua hamsini kutoka kwenye bendera, nikaupiga kwa fimbo fupi, na mshauri, sauti yenyewe tu ilinishtua, haukulia tak kama ya kwetu, ulitoa mlio wa chini, mzito, kama mlango wa gari jipya unapofungwa, ukapanda, ukapita bendera, nikasema nimeharibu, ukatua, ukaruka mara moja, ukasimama, kisha ukarudi nyuma kuelekea shimo, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Nilibaki na fimbo hewani. Daktari hakunicheka, alisema hata yeye, pamoja na yote aliyoyaona ndani ya miili ya watu, mpira ule bado humsimamisha vinyweleo.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri mpaka nikanunua boksi, mipira kumi na miwili, kwa bei inayolingana na kodi ya mwezi ya vyumba vyetu viwili, na fedha nilizitoa kwenye akiba ya cherehani ya pili ya mke wangu, ambaye ni fundi wa kushona, na nikamwambia boksi nimepewa na klabu. Aliuinua mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akauzungusha, akaniuliza, "Baba Pacha, hili ni yai au ni mpira?" kisha akaenda kutafuta soksi za watoto, akaitia humo yote isije ikakwaruzika, na ule upole wake ndio unaonichoma mpaka leo.

Miezi mitatu nilifanya mazoezi kwa mipira ya bwawani na ile ya soksi sikuigusa, naitunzia siku yenyewe, na siku yenyewe ilipofika nikashangaa, maana mipigo yangu ya karibu nimeizoea mpira utue kisha ukimbie hatua sita mpaka shimoni, lakini huu ulikuwa unatua na kusimama palepale, mashimo manane nimeachwa mbali hivyo, na kwenye shimo la bwawa niliyaona maji, nikaviona vidole vya Bata, mikono ikakakamaa, nikaupeleka mchangani upande wa pili. Nilitumia mpira mmoja tu siku nzima na nilirudi nao mzima. Bata, aliyeniona asubuhi nikiutoa kwenye soksi, alinisubiri mlangoni akasema mbele ya wenzangu wote, "Umeuvalisha soksi, halafu unataka ukimbie?" Wakacheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kuuliza kuna nini.

Mke wangu anasema kama zawadi inanitesa niirudishe kwa aliyenipa, na mimi sina wa kumrudishia. Umri wa mwisho wa nafasi hii ni miaka thelathini na mitano, ninayo tayari, mwakani sitapokelewa, nitabeba mikoba mpaka mgongo useme basi. Naomba uniambie ukweli, mipira hii inastahili bei yake au nimenunua upepo, na Jumamosi ijayo niingie na ipi?

Baba Pacha, mbeba mikoba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Baba Pacha. Jumatatu asubuhi mwalimu wa gofu mwenye miaka ishirini na sita kazini, katika uwanja ambao si wenu, alisikiliza barua yako mpaka mwisho akasema: "Huyu amejifunza kwenye lori, siku ya mtihani akapanda pikipiki." Mpira wenyewe hakuona kama una kosa lolote.

Sichezi gofu, kwa hiyo nilimwomba anionyeshe. Alipiga mipira kumi ya bei kubwa na kumi iliyookotwa majini. Kwa mpigo mrefu, ile ya bei iliitangulia mingine kwa hatua tatu hivi, na mwalimu alisema upepo mdogo tu unaweza kukupa au kukunyang'anya zaidi ya hapo. Kama unanunua umbali, umepunjwa.

Kisha tukasogea hatua hamsini. Mipira ya bwawani ilitua ikakimbia, mingine hatua tano, mingine saba. Ile ya bei kubwa, minane ilisimama ndani ya hatua moja. Miwili ilirudi nyuma. Nimeripoti mafuriko, migomo na mnara uliolala barabarani kama mtu aliyechoka, na sikumbuki lini mara ya mwisho niliacha kuandika ili nitazame. Juzi niliacha. Nilimwomba arudie. Alirudia, na mpira ukarudi tena.

Baadaye aliukata mmoja kwa msumeno. Ndani una tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na la nje ni jembamba kuliko ukucha wangu, laini kiasi kwamba meno ya fimbo yanaliuma kidogo na kuuzungusha mpira. Hilo ganda ndilo ulilolipia. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa miaka akifikiria ganda la unene ule. Sikucheki kwa kusimama na fimbo hewani.

Kwa hiyo jibu la swali lako: kwa mtu anayepiga mikwaju mia moja na kumi na kupoteza mipira sita kwa siku, haistahili, fedha zake azile. Kwa mikono kama yako, inayoweza kuutuma mpira na kuuita, inastahili. Lakini kwa masharti mawili, na yote mawili umeyavunja.

La kwanza, kuuzoea. Miezi mitatu uliufundisha mkono wako tabia ya mpira mmoja, kisha ukauletea mwingine na kuulaumu kwa kutii. La pili, kukubali upotee. Unajisifu kwamba ulirudi na mpira mzima. Ulirudi na mpira, mikwaju ukaiacha uwanjani. Mwalimu alisema mchezaji akianza kuulilia mpira kabla hajaupiga, kiwiko hujifunga, na kiwiko kilichojifunga hakimjui tajiri wala maskini. Kama huwezi kuvumilia Bata auokote, usiupige.

Kuhusu mkeo sitakupapasa. Ulichukua akiba ya kazi ya mtu na ukamwachia aitunze siri yako kwa soksi za watoto wake bila kujua ni siri. Mwambie kabla gazeti hili halijamfikia. Usianze na ganda wala na daktari wa upasuaji. Anza na cherehani. Mwambie bei kamili, siyo "kidogo", na mwambie siku utakayoanza kuirudisha akiba yake, upate kazi au usipate. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema maneno makali, ni yake, yapokee. Mtu mwenye uongo nyumbani hana mikono mitulivu mbele ya maji, na hilo sikuhitaji kumuuliza mwalimu.

Halafu fanya hivi. Itoe mipira yote. Minane ipeleke uwanjani leo hii na uipige mpaka ikwaruzike, mipigo ya karibu mia moja kila siku, kuanzia hatua ishirini mpaka sitini, na ujifunze kuutupa mpira karibu na bendera badala ya kuungoja ukimbie. Kila jioni piga mitatu juu ya bwawa. Ukiingia, uingie. Ya bwawani mpe Bata, usiichanganye tena hata kwa utani, kwa sababu ukirudi kwenye mipira ya zamani sasa utakuwa umejifunza nusu mbili zisizounda kitu kizima. Minne iliyobaki ni ya raundi ya pili.

Je, utapiga sabini na mitatu? Sijui. Mwalimu alisema mpira sahihi uliozoeleka unaweza kukurudishia mikwaju minne au mitano kati ya ile uliyoipoteza karibu na mashimo. Mmoja au miwili utaitoa mwenyewe. Ukikosa, hukukosa kwa sababu ya bei, na hutanunua boksi la pili mpaka cherehani iwe mezani.

Ijumaa pumzika, usishike fimbo. Klabu imebandika ratiba: kundi lako linaanza shimo la kwanza Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Fika saa kumi na mbili.