Damu ya Kumwaga Wanayo

Alhamisi. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nguo zinanata mwilini, na sitaki mtu aniulize habari.

Leo ilikuwa dada yangu Zuhura apasuliwe. Uvimbe wa kizazi umemvujisha damu mwaka mzima mpaka midomo imekuwa myeupe. Daktari alimwanzishia vidonge vya kuongeza damu, na vimesaidia, lakini alisema wazi kwamba hashiki kisu mpaka painti mbili ziwekwe kando. Hospitali nayo inataka jamaa watoe za kurudisha.

Mume wangu alitoa moja. Mimi ninanyonyesha, nilikataliwa. Ya pili tulimwachia Ami Swaleh, ndugu wa marehemu baba, na wanawe. Wanaume wazima, wamenona.

Hakupasuliwa.

Huyu Ami ndiye anayekaa barazani hapa Mji wa Kale kila jioni, kikombe cha kahawa mkononi, akitutajia mababu mpaka Hadhramaut. Damu yetu hivi, damu yetu vile. Nilipomwomba hiyo damu, akaanza kuuliza itaingia kwa nani. Nikamweleza kwamba itawekwa benki, na Zuhura atapewa inayomfaa. Akakunja uso. Damu ya ukoo ikaingie kwa mtu asiyejulikana? Wanawe wakasema watamfuata baba yao. Hata woga wao ni wa kurithi.

Mwisho nilimbembeleza mpaka akakubali kuja leo.

Amekuja. Kanzu imepigwa pasi, anatembea polepole kama bwana harusi. Nikasimama kumpokea, nikampa mkono, mjinga mimi, nikiwa na furaha.

"Mwanangu, n'metoka kuumikwa sasa hivi," akaniambia. "Ilikuwa siku yangu. Damu n'taitowa wapi tena?"

Sina neno na hijama. Ni sunna, na baba aliumikwa mpaka alipofariki. Lakini siku yake ni ya kila mwezi, na Zuhura alikuwa na siku moja tu. Mzee yule amevua kanzu, amebandikwa vikombe mgongoni, amechanjwa, damu imetoka, ikamwagwa chooni. Choo kimepata damu ya ukoo. Zuhura amekosa.

Muuguzi akamwambia kwamba hata angetaka, aliyechanjwa leo hatolewi damu. Nikamwona uso unavyomkunjuka. Akashukuru Mungu, akaniachia chupa ya uji, akaenda zake.

Namdharau. Naandika hivyo hivyo, na atakayeudhika audhike.

Zuhura alikuwa kitandani, ameshavalishwa gauni la upasuaji, hajala tangu jana. Akaniuliza, "Ami kafika?" Nikamdanganya kwamba mashine ya chumba cha upasuaji imeharibika. Akasema basi nimpe salamu nyingi akija, asihangaike, joto hili litamuumiza.

Nilitoka nje nikalia karibu na mabomba ya maji.

Daktari amempangia Jumatatu. Painti ikikosekana tena, atamtoa kwenye orodha. Naogopa. Kila nikimshika mkono nauona umekuwa baridi zaidi, na hakuna dua nisiyoisoma.

Kwetu mtu haombi damu hadharani. Husemwa ni kuivua nguo nyumba, kwani watu watauliza, jamaa zake wako wapi? Ndiyo maana tumekuwa tukinong'ona mlango kwa mlango.

Alasiri nimekwenda kwa mke wa imamu wa msikiti wetu, nikamweleza yote. Amezungumza na mumewe, naye amekubali. Kesho baada ya sala ya Ijumaa atatangaza kwamba kuna mgonjwa anatafuta mtu wa kumtolea damu. Mkewe akaniuliza imamu amtaje vipi, maana hapa mjini wengi hawamjui Zuhura.

Nikamwambia aseme ni mtoto wa marehemu ndugu wa Swaleh.

Ami hukaa safu ya mbele. Atasikia vizuri.