Mkate Mmoja, Herufi Nne

Jumatatu, 5 Februari
Mjukuu wangu Wiam karudi na daftari la Kifaransa limejaa wino mwekundu — kama mtu kachinjia kuku juu yake! Mstari kaanzia kulia, kama Kiarabu. Penye b kaandika d, penye d kaandika b. Na kwa mdomo anakiongea kumshinda baba yake aliyekaa Lyon, Ufaransa! Mwalimu Nezha kasema Alhamisi kuna imla. Akiferi tena anashushwa, akakae na watoto wa miaka sita. Ana kumi. Eti mzito. Mzito yeye!

Jumanne, 6 Februari
Unga uliokandwa ulibaki, Wiam akafinyanga mkate wa herufi b — mgongo na tumbo. Nikaupeleka na mikate mingine kwenye tanuri la mtaa. Maati mchomaji akaugeuza kwa koleo lake, akacheka: Bibi, hii b yenu imeniivia d!
Wiam akaruka. Ndivyo ninavyoziona, Bibi! Zinageuka!
Nikaduwaa. Mkate ukiugeuza ni mkate. Sufuria ukiigeuza ni sufuria. Punda akigeuka ni punda! Herufi hizi tu, zikigeuka zinabadili jina. Sasa nani hana akili?
Mimi shule sikuiona. Kuandika kanifundisha imamu msikitini, uzeeni. Herufi moja alinisubiri mwezi mzima. Hakuniita mzito.

Alhamisi, 8 Februari
Naandikia hapa hapa shuleni, benchi la nje ya darasa. Nimemwambia Mwalimu Nezha: muulize kwa mdomo, na akiandika mpe muda. Akasema, Hajja, sheria ni moja kwa wote. Nikamwambia, Makka sijafika, na hiyo miwani yako mbona hujawavisha wote?
Nikamtia mkate ule wa juzi mkononi. Herufi gani hii? — b. Nikaupindua. — d. Nikauzungusha, kichwa chini. — p. Nikaupindua tena. — q.
Nikamwambia, mkate ni huo huo mmoja, mwanangu. Wiam anaona mkate.
Akaingia nao ndani, akafunga mlango.
Imla imeanza. Mlinzi ananiambia nitoke. Anibebe! Dirishani namwona Wiam, kalamu mkononi, haandiki. Wenzake wanakwaruza karatasi. Mwalimu anasoma sentensi, jicho kwenye mkate mezani. Anaupindua. Anaupindua tena. Kanyamaza katikati ya sentensi — darasa zima limeinua vichwa. Anamwendea Wiam. Anainama, anamuuliza kwa mdomo — na Wiam anajibu!